Likizo ya Januari msitu wa Amani kwa miguu: tuanzie Sigi au tupande moja kwa moja?

Tausi wa Mkanyageni

Habari za humu ndani wadau.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, kazi imenipeleka Dodoma, ni muuguzi huko. Mwezi wa kwanza nina likizo na safari hii siendi nyumbani peke yangu. Nakwenda na shoga yangu tunayefanya naye wodi moja, mwenyeji wa Mpwapwa. Yeye amekulia kwenye mibuyu na miiba, msitu mnene wa ukungu ameuona kwenye simu tu. Mimi nikiwa nasoma, ile milima ya Usambara Mashariki nilikuwa naiona kila asubuhi, imetulia pale na wingu lake juu, lakini kule Amani nimefika kwenye msiba tu, tukaingia kwa gari na kutoka kwa gari.

Sasa tumekubaliana: likizo hii tunautembea msitu kwa miguu. Hatutaki kukodi gari la kutuzungusha. Tuna siku tatu, miguu yetu ni mizuri (anayesimama zamu ya usiku ananielewa), na fedha zetu ni za mshahara.

Naomba kujua haya. Tulale Sigi pale chini kwenye mapokezi ya hifadhi au tupande Amani siku hiyo hiyo? Mwongozaji ni lazima, au wanawake wawili wenye akili zao wanaweza kufuata njia? Mvua za Januari zikoje kule juu? Na la mwisho, shoga yangu anaogopa nyoka, kuliko hata mimi. Nimwambie nini?

Natanguliza shukrani.

Chuma cha Pongwe

Dada Tausi, kwa siku tatu na mgeni kutoka bara mimi ningempeleka Saadani akaone tembo na bahari siku moja. Amani ni pazuri, sikatai, ila ni miti tu. Atatembea kutwa nzima na hataona mnyama mkubwa hata mmoja. Ni mawazo yangu.

Mzee wa Monga

Binti yangu Tausi, karibu nyumbani. Mimi nimezaliwa kambi ya chai ya Monga, marehemu baba alikuwa anapima majani kwenye mzani, na njia za msitu ule nimezijua kabla sijajua kusoma. Swali lako nimelipenda, nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Anzieni Sigi. Laleni hapo, asubuhi mpande kwa miguu. Ninasisitiza hili kwa sababu wageni wengi wanafikishwa Amani kwa gari, wanashuka, wanapiga picha, halafu wanasema wameuona msitu. Kutoka Sigi mpaka Amani mnapanda karibu mita 500 kwenda juu, na katika mita hizo msitu unabadilika mbele ya macho yenu. Chini kuna joto, mivule, majani mapana. Mkipanda, hewa inapoa, mashina yanaanza kuvaa kuvumwani, na mkikaribia juu mtakuta makangaga yameota juu ya matawi na ukungu unapita kati yenu. Ukiwa ndani ya gari, hilo hulioni. Kwa miguu, mwili wenyewe unakwambia.

Hata kabla ya Sigi, mkiwa kwenye basi kutoka Muheza, mtapita mashamba ya mitiki ya Longuza. Mwambie mwenzio ayaangalie vizuri: safu zimenyooka, umri mmoja, urefu mmoja, chini kweupe. Hilo ni shamba la miti. Akitoka hapo akaingia Sigi, hutahitaji kumweleza msitu ni nini.

Pale Sigi kuna nyumba ya Kijerumani iliyokuwa ya mkuu wa stesheni. Ndiyo, treni ilikuwa inafika, reli ndogo kutoka Tengeni, iliyojengwa hasa kwa ajili ya magogo. Siku hizi hapo ndipo mapokezi. Mnalipa kiingilio cha Mtanzania kwa namba ya malipo, mnapewa risiti, na hapo hapo ombeni mwongozaji.

Kuhusu mwongozaji: chukueni, tena chukueni mtu wa vijiji vya pale. Njia zipo na mnaweza kuzifuata, lakini bila mtu wa pale mtapita chini ya mnyasa mkasema "mti mkubwa", mtapita chini ya mtambara mkasema "mti mkubwa mwingine". Mnyasa ni ule ambao shina lake chini limetanuka kuta kuta. Mvua ikiwakuta, watu wawili mnajibanza katikati ya kuta hizo na mnakaa vizuri. Mtambara umenyooka kwenda juu, na ukichanjwa hutoa utomvu mwekundu. Majina haya yako midomoni mwa watu wa Shebomeza, Mashewa, Mlesa, na anayekuonyesha mti kwa jina lake anakuonyesha pia baba yake aliutumia kwa kazi gani.

Halafu kuna mti mmoja nataka muuangalie kwa makini, mhesi. Mtauona kila mahali mkikaribia Amani, shina lake la kijivu, limeenda juu upesi upesi. Mhesi si wa hapa. Nyumbani kwake ni Kagera na Uganda na kuelekea magharibi huko. Wajerumani waliuleta Amani kwenye majaribio yao kabla ya vita ya kwanza. Kwa miaka mingi ulikaa kimya. Miti mikubwa ilipokuja kukatwa kwa mashine, miaka ya sitini mpaka ya themanini, mwanga ukaingia mpaka chini, na mhesi ni mti wa mwanga. Hondohondo anakula tunda lake, anaruka, anaidondosha mbegu mbali. Leo kuna sehemu unasimama, unatazama pande zote, ni mhesi mtupu, na chini yake miche ya miti yetu ya asili, msambu na mtambara, ni ya kutafuta. Roho yangu inauma kila nikipita hapo. Ukataji ule ulisimamishwa, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, zaidi ya hekta 8,000. Lakini mhesi haujui tangazo la serikali.

Mkifika Amani penyewe, nyinyi kama wauguzi nendeni bustani ya mimea kwanza. Ilianzishwa mwaka 1902, na walipanda miti ya kila pembe ya dunia kujaribu ipi italeta faida: mianzi, mikafuri, mitende ya kila namna, na mikwinini. Ombeni mwonyeshwe mkwinini, mguse gome lake. Dawa iliyookoa watu wa malaria kwa vizazi ilikuwa inatolewa kwenye gome hilo. Na baadaye ni Amani hiyo hiyo palipowekwa kituo cha utafiti wa malaria, ambacho sasa kiko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mtu aliyewahi kumtundikia mtoto dripu ya kwinini usiku wa manane atasimama hapo kwa namna yake.

Ndugu yangu Chuma cha Pongwe, nimekusoma na sikulaumu, wengi wanasema hivyo. Ila maji ya bomba unayokunywa hapo Pongwe na Tanga mjini yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na Zigi inazaliwa humo kwenye "miti tu". Jani la msitu linanasa ukungu, ukadondoka maji, hata siku isiyo na mvua. Na wanyama wapo. Mbega weupe mtawaona, kima mtawaona. Wengine ni wadogo, inabidi msimame.

Hapo kwenye kusimama ndipo nataka kusema zaidi. Krismasi ya mwaka juzi nilipanda na rafiki yangu niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Aliendesha malori miaka mingi, sasa amestaafu na macho yake yamepungua nguvu. Nilidhani nitakuwa namshika mkono. Kumbe yeye ndiye aliyeniongoza kwa masikio. Tuko kwenye njia ya Kwamkoro, akaniambia, "Simama." Nikasimama. Sikusikia kitu. Akasema, "Hondohondo wawili, wanakuja nyuma yetu." Kidogo tu nikasikia mbawa, ule mvumo mzito, wakapita juu ya vichwa vyetu. Tukaendelea, akanisimamisha tena. Tukakaa kimya, nadhani hata nusu saa haikufika, kikaja kishindo: puu! Akacheka. "Msambu huo."

Tukaufuata. Tunda la msambu ni kubwa, linaweza kufika sentimeta 30 kwa urefu, kahawia, linaning'inia juu kabisa kwenye ubua wake. Hulichumi, unalisubiri lidondoke lenyewe. Lile tulilolikuta lilikuwa limepasuka ubavu, ndani mbegu zimejipanga katika utelezi wa rangi ya maziwa, na upande mmoja tayari panyabuku alikuwa ameanza kazi. Panya huyo anazibeba mbegu na kuzifukia, anasahau baadhi, na hizo ndizo msambu wa kesho. Rafiki yangu alichukua mbegu moja akaiminya kwa kucha, akainusa, akaanza kunisimulia mama yake alivyokuwa akizitwanga, akichemsha, mafuta yakipoa yanaganda meupe kwenye chungu. Tulikaa pale mpaka chai yetu ya chupa ikaisha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu wawili: mwenye mwendo wa pole ndiye apange mwendo, na kila baada ya kipande mkubaliane kunyamaza. Maongezi ya wodini yatawasubiri jioni.

Mama Iliki

Tausi mwanangu, mimi niko Kisiwani, kijiji cha njiani mnapokwenda Sigi. Mzee amesema vizuri, mimi naongeza ya wanawake.

Vaeni suruali, juu yake fungeni kanga, mtapita vijijini na watu watawasalimia kwa heshima. Miguuni gambuti ndiyo kiatu cha huku, raba nzuri za mjini zinateleza kwenye udongo wetu mwekundu. Suruali iingizeni ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Hao ndio wa kuogopa kuliko nyoka. Wakikupanda, usisimame kuwapangusa hapo hapo, kimbia kwanza utoke kwenye njia yao, ndipo uwatoe mmoja mmoja. Nyoka wapo, siwezi kudanganya, lakini nyoka anasikia hatua zako na anaondoka. Mwambie shoga yako asiweke mkono mahali ambapo jicho halijafika: chini ya gogo, nyuma ya jiwe, kwenye majani makavu yaliyorundikana. Akivuka gogo, akanyage juu yake kwanza, aangalie upande wa pili, ndipo ashuke.

Januari mvua za vuli zimeshapungua lakini kule juu inanyesha wakati wowote. Asubuhi kweupe, saa nane wingu limefunga. Beba nailoni ya kufunika begi. Huku chini Sigi kuna mbu, chandarua msiache.

Kuhusu mhesi, mzee wangu, naomba nikujibu kwa adabu. Mti ule kwetu ni kuni na ni mbao za kuezekea. Unakua haraka, mtu anaupanda na anaishi kuuvuna mwenyewe. Ukiuondoa wote, wanawake watarudi kutafuta kuni ndani ya hifadhi. Mimi ninao mpakani mwa shamba langu na siukati. Iliki yangu inahitaji kivuli, na wengi wetu tulilima iliki ndani ya msitu wa Derema mpaka miaka ya 2000 ulipochukuliwa uhifadhiwe ili misitu iungane, watu wakalipwa fidia. Iliki inataka miti ya juu ibaki, lakini ya chini tunaifyeka, na msitu usio na watoto unazeeka. Hilo nalijua. Ila mtu aliyeondoka na iliki yake anahitaji kitu kingine cha kumsomeshea mtoto. Mkipita vijijini, nunueni iliki, mdalasini, pilipili manga moja kwa moja kwa mama aliyeianika kwenye mkeka. Mnasaidia msitu kuliko mnavyodhani.

Mzee wa Monga

Mama Iliki, nimekuelewa na nakubali. Mhesi shambani kwako ni mali. Ninaoulilia ni ule uliojaa ndani ya hifadhi, mahali ambapo palikuwa na msambu. Na hilo la iliki ungekuja kulisema kwenye mikutano yetu ya kijiji, maana hakuna anayelisema kwa uwazi hivyo.

Chozi wa Asubuhi

Salaam. Mimi huenda Amani kwa ajili ya ndege. Nitasema mawili tu.

Kuna chozi mdogo sana anayeitwa chozi wa Amani, dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa na tumbo jeupe. Anakaa juu kwenye vilele vya miti. Shingo itakuuma lakini mwongozaji mzuri anamjua kwa sauti. Njia ya mlima Mbomole ni nzuri kwa hilo, hasa jua linapochomoza.

La pili, mkiwa karibu na kijito chenye miamba yenye kivuli, angalieni kwenye nyufa za mawe. Kuna ua dogo la zambarau, majani manene yenye vinyweleo, limejishikiza penye udongo kiasi cha kijiko. Ni Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na leo liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, wameshalizalisha kwa rangi chungu nzima. La kwetu la porini limebaki sehemu chache. Tafadhali msiling'oe hata kama mwenyeji atajitolea kuwapa mche. Piga picha, liache.

Tausi wa Mkanyageni

Jamani, nimemsomea shoga yangu majibu yote kwenye daladala mpaka abiria wa mbele akageuka kusikiliza. Asanteni sana. Mama Iliki, tutapita Kisiwani, iliki ya pilau ya mwaka mzima nanunua kwako.

Chuma cha Pongwe, Saadani tutakwenda likizo nyingine.

Mzee wangu, shikamoo. Nina maswali mawili yamebaki. Siku tatu tuzigawe vipi? Na ulisema wanyama wengine ni wadogo, ni wapi hao? Mwenzangu amesikia kuna kinyonga wa pembe, ingawa kwao kinyonga ni mkosi na bibi yake hataki kumsikia. Anasema anataka amwone kwa macho yake aache kumwogopa.

Mzee wa Monga

Marahaba binti yangu.

Siku ya kwanza fikeni Sigi mapema, tembeeni kandokando ya mto jioni, laleni. Siku ya pili anzeni kupanda saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijawa kali, mchana mko Amani, pumzikeni bustanini. Siku ya tatu asubuhi na mapema Mbomole kwa ajili ya huyo chozi, halafu mchana njia ya chai kuelekea Monga, mahali ambapo msitu unakoma na chai inaanza kwa mstari mmoja. Kama mtaweza kuongeza usiku mmoja, ongezeni. Kushuka, magari ya Muheza hutoka alfajiri sana, ulizeni jioni yake msije mkaachwa.

Kinyonga tafuteni usiku wa siku ya pili. Mchana mnaweza kupita mbele yake msimwone. Usiku akilala anakuwa mweupe mweupe, na tochi ikimpiga anajitokeza mwenyewe kwenye ncha ya tawi. Mwombeni mwongozaji mapema ili ajipange, msiende peke yenu. Mwenye pembe tatu ni dume, hao wa Usambara, na jike lake halina pembe. Yeye ni mkubwa, utamwona bila shida. Ninayempenda mimi ni yule mfupi wa chini, urefu wa kidole, kahawia, mkia kidogo sana. Anapanda kijiti cha goti lako kwenda chini, analala hapo, na ukimwangalia harakaharaka ni jani kavu, hata mishipa ya jani anayo ubavuni. Siku nilipomwonyesha mjukuu wangu, ilibidi nimwelekeze kwa ncha ya unyasi mpaka jicho lilipofumbuka nusu na kuzunguka kumtazama. Huyo mwonyeshe mwenzio kwanza, kabla ya wa pembe. Asimshike, mwanga msimkazie sana usoni, dakika moja mbili mumwache alale.

Mvua ikiwa kubwa usiku huo, ahirisheni. Ikiwa ni manyunyu, nendeni. Tochi za kichwani ni bora, mikono ibaki huru, na betri za akiba nunueni Muheza. Na mkifika mapokezi pale Sigi, ulizeni kama msambu umeshaanza kudondoka. Kama umeanza, mwambieni mwongozaji awapandishe kwa njia ya msituni, barabara muiache.